Mwongozo Kamili: Kuandaa Mashindano ya Kimataifa ya Counter-Strike 2 kwa Muundo wa Major, Kuanzia Umeme hadi Fainali

Major ndiyo kombe kubwa kuliko yote katika Counter-Strike, gemu ya kompyuta ya kupigana kwa bunduki. Ya kwanza ilichezwa Jönköping, Sweden, Novemba 2013, kwa timu 16 na zawadi ya jumla ya dola 250,000, na fnatic wakaondoka na kombe. Columbus, Marekani, mwaka 2016 zawadi ikafika dola milioni moja. Austin, Texas, Juni 2025, timu zikawa 32. Katika kukua kote huko, msingi wa mchezo umebaki palepale: watu watano dhidi ya watano, upande mmoja unatega bomu, mwingine unalinda na kulitegua.

Muundo huo unaweza kushushwa hadi ukumbi mmoja, timu 16 kutoka nchi mbili tatu, na kompyuta 40. Kinachoangusha mashindano ya ukubwa huo si uhaba wa wachezaji wazuri. Ni ratiba iliyokadiriwa kwa macho, waya uliokatika ndani, au kanuni iliyotungwa wakati timu mbili zimeshaanza kufokeana. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: hesabu ya muda kwanza, malipo ya zawadi mwisho.

Hesabu ya muda

Hatua kuu ya Major huchezwa kwa mfumo wa Uswisi. Timu ikishinda mara tatu inapita, ikifungwa mara tatu inarudi nyumbani. Kwa timu 16 mfumo huu hutoa mechi 33 kamili: raundi ya kwanza mechi 8, ya pili 8, ya tatu 8, ya nne 6, ya tano 3. Wanane wanapita, wanane wanatoka.

Kwa kawaida mechi ambayo haipitishi wala haitoi timu huchezwa kwa ramani moja, yaani uwanja mmoja wa ndani ya gemu. Mechi ya kupita au ya kutoka huchezwa kwa ramani tatu, na mshindi ni wa ramani mbili. Ukifuata hivyo, kati ya zile 33, mechi 20 ni za ramani moja na 13 ni za ramani tatu.

Sasa weka saa. Ramani moja, kwa kanuni ya anayeshinda raundi 13 za ndani ya mchezo kwanza, huchukua kati ya dakika 40 na 50, na ikiingia muda wa nyongeza inavuka saa. Timu nayo inahitaji dakika 15 hadi 20 za kuunganisha kipanya na kibodi na kupima sauti. Kwa hiyo mechi ya ramani moja ipewe saa 1 na dakika 15, ya ramani tatu saa 3 na nusu. Usikubali kushawishiwa kuipa ya ramani tatu saa mbili na nusu kwa sababu tu "nyingi zinaisha 2-0". Zile chache zinazofika ramani ya tatu ndizo zitakazokulaza ukumbini.

Ukiwa na meza nne, yaani mechi nne kwa wakati mmoja na kompyuta 40, siku zinakwenda hivi. Siku ya kwanza ni raundi ya 1, ya 2 na ya 3, jumla ya saa 9 na dakika 45 bila mapumziko: anza saa tatu asubuhi, tarajia kumaliza saa mbili usiku. Siku ya pili ni raundi ya 4 na ya 5, saa 10 na nusu. Siku ya tatu robo fainali zote nne zichezwe kwa pamoja, kisha nusu fainali moja baada ya nyingine jukwaani. Siku ya nne ni fainali peke yake.

Ukiwa na meza mbili tu, hatua ya Uswisi pekee inakula saa 37. Hapo chagua moja kati ya mawili: punguza timu ziwe 8 na ucheze mfumo wa kutolewa baada ya kufungwa mara mbili, ambao una mechi 14, au fanya raundi za mwanzo mtandaoni. Kwa anayeandaa kwa mara ya kwanza, timu 8 ni uamuzi bora. Mashindano madogo yaliyokwenda kwa saa yake yatarudisha timu mwakani, na yatamrudisha mfadhili pia.

Nani akutane na nani

Panga timu kwa nguvu, kutoka 1 hadi 16, kabla ya siku ya kwanza. Raundi ya kwanza namba 1 hucheza na 9, namba 2 na 10, hivyo hivyo hadi 8 na 16. Raundi ya pili, walioshinda hukutana na walioshinda, waliofungwa na waliofungwa.

Kuanzia raundi ya tatu tumia alama za ugumu wa wapinzani, maarufu kama Buchholz. Kwa kila timu, chukua kila mpinzani ambaye imekwisha kucheza naye, toa idadi aliyofungwa kutoka idadi aliyoshinda, kisha jumlisha. Mfano: timu A ina ushindi mmoja na kipigo kimoja. Aliyemfunga sasa yuko 2-0, hiyo ni +2. Aliyefungwa naye yuko 0-2, hiyo ni −2. Jumla ni 0. Timu B nayo iko 1-1, lakini aliyemfunga yuko 2-0 na aliyefungwa naye yuko 1-1. Jumla ni +2. Timu B imepita njia ngumu zaidi, kwa hiyo inapangwa juu. Ndani ya kundi lenye rekodi moja, wa juu kabisa hucheza na wa chini kabisa, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mradi hawajakutana. Wakiwa wamekutana, shuka au panda kwa jirani aliye karibu.

Tengeneza jedwali la kompyuta linalofanya hesabu hii lenyewe, na ulijaribu kwa matokeo ya kubuni wiki moja kabla. Kosa hapa ni baya kwa sababu halionekani mara moja. Mtu hugundua saa mbili baadaye kwamba alipewa mpinzani asiyestahili, na mechi imeshachezwa.

Umeme

Kompyuta ya michezo pamoja na skrini yake ihesabie wati 400. Kompyuta 40 ni wati 16,000, na seva, taa za jukwaa, spika na meza ya matangazo ziongezee wati 2,000 hadi 3,000. Jenereta ya kVA 30 hutoa takriban wati 24,000, na hapo unabaki na nafasi ya kupumua. Ya kVA 20 haitoshi hata kama mwenye nayo anaapa inatosha. Viyoyozi visiunganishwe kwenye jenereta hiyo. Viachwe kwenye umeme wa ukumbi.

Wati 16,000 kwa volti 240 ni ampea 67. Usiziweke kwenye fezi moja. Fundi umeme agawe mzigo kwenye fezi tatu, na kila timu ya watu watano ipate laini yake yenye swichi yake ya kukata umeme. Kompyuta tano ni wati 2,000, sawa na ampea 8.3, na soketi ya ampea 13 inazibeba vizuri. Ikiongezwa birika la chai kwenye ekstensheni hiyohiyo, laini inakatika, na inakatika raundi ya 11 kwa 11. Funika soketi zilizobaki kwa utepe wa kunata. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine.

Kosa la kawaida ni kucheza kwa umeme wa gridi na kuiweka jenereta ya akiba. Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde 10 hadi 30 kushika, na kompyuta zote 40 zimeshazima. Fanya kinyume: jenereta iwashwe nusu saa kabla ya mechi na ibebe mzigo siku nzima, gridi iwe akiba. Mafuta yaongezwe kati ya raundi, jenereta ikiwa imezimwa.

UPS, yaani betri za kushikilia umeme, ziwekwe pale tu panapohitajika kweli: seva, swichi za mtandao, ruta na kompyuta ya matangazo. UPS ya kVA 1.5 inabeba takriban wati 900, na inatosha kwa vifaa hivyo kwa dakika kadhaa. Kompyuta za wachezaji zikizima lakini seva ikabaki hai, mechi inarudishwa mwanzo wa raundi bila kupoteza kitu.

Kisha kuna joto, ambalo husahauliwa. Wati 16,000 zinazoingia kwenye kompyuta hutoka zote kama joto, na watu 150 wanaongeza lao. Ukumbi wa Mombasa au Dar es Salaam usio na viyoyozi utafanya kompyuta zijipunguze kasi zenyewe saa nane mchana, na wachezaji watalalamika kwamba "gemu inakwama" hali mtandao ni mzima. Feni kubwa zielekezwe nyuma ya meza, kompyuta zinapotoa hewa ya moto. Kuwapulizia wachezaji usoni hakusaidii chochote.

Mtandao wa ndani

Kila mchezaji apate waya wake. Wi-Fi haitumiki kwenye meza ya mechi kwa hali yoyote. Kwa kompyuta 40, seva, watazamaji-rasmi (wanaoongoza kamera ya matangazo ndani ya gemu) na matangazo, unahitaji swichi ya gigabiti yenye matundu 48, na nyingine ya matundu 24 ya akiba.

Nunua waya wa Cat6 wa shaba halisi. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba. Unauzwa bei rahisi na unafanya kazi mezani, lakini ukikunjwa mara mbili kwenye kona unavunjika ndani, na hapo mchezaji anapoteza pakiti za data bila dalili ya nje. Pima kila waya kwa kifaa cha kupimia kabla ya kuutandaza, uandike namba ncha zote mbili, ubaki na kumi za akiba. Waya usizidi mita 100, na usipite sambamba na nyaya za umeme kwa umbali mrefu.

Mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi, mtandao mzima hufurika na kila mechi inasimama. Hutokea zaidi wakati wa kusafisha meza kati ya raundi. Tumia swichi yenye kinga ya mzunguko na uhakikishe imewashwa. Kwenye kila kompyuta zima pia kipengele cha kubana umeme cha kadi ya mtandao, kwa sababu husababisha kukatika kwa sekunde moja moja.

Seva ziwe ukumbini. Seva ya Johannesburg, Dubai au Ulaya inafaa kwa mchujo wa mtandaoni, ambako timu za Nairobi, Kampala na Dar zote ziko mbali kwa kiasi fulani. Ukumbini haina maana. Tumia kompyuta mbili za seva, kila moja ikiendesha mechi mbili kwa poti tofauti, na ya tatu ikae imewashwa bila kazi. Ukiziweka mechi nne kwenye mashine moja, siku itakapokufa zinakufa nne.

Intaneti inahitajika kwa kuingia Steam, jukwaa la kuchezea gemu hii, na kwa matangazo. Ziwe laini mbili zisizotegemeana. Matangazo ya 1080p kwa fremu 60 hutuma kilobiti 6,000 kwa sekunde, hivyo tafuta laini yenye megabiti 10 za kupakia, isiyoguswa na kitu kingine. Kompyuta 40 zikianza kupakua sasisho la Steam kwa pamoja, laini hiyo itakufa. Pakua gemu kwenye kompyuta moja, kisha tumia uwezo wa Steam wa kuhamisha gemu kati ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja. Makumi ya gigabaiti yatapita ndani ya ukumbi bila kugusa intaneti.

Kompyuta na akaunti

Kompyuta zote zifanane, na skrini zote zifanane zaidi. Timu moja ikiwa na skrini za Hz 144 na nyingine Hz 240, hakuna kanuni itakayoondoa malalamiko hayo, na yatakuwa ya haki. Inchi 24 au 25 kwa 1920×1080 ndicho kipimo walichozoea wachezaji. Hakikisha pia Windows imewekewa Hz hizo. Skrini mpya mara nyingi huwashwa ikiwa kwenye Hz 60, na mchezaji mzoefu huhisi ndani ya sekunde kumi.

Mchezaji huja na kipanya, kibodi, mkeka na headseti zake. Programu za vifaa hivyo zisisakinishwe. Mwambie mapema ahifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya kipanya chenyewe. Fleshi haziruhusiwi kabisa. Mwaka 2018, kwenye eXTREMESLAND huko Shanghai, mchezaji wa OpTic India alikamatwa mezani akiwa na programu ya kudanganya ndani ya kompyuta ya mashindano, na timu yake ikaondolewa. Ndiyo maana akaunti ya Windows ya mchezaji isiwe na mamlaka ya kusakinisha chochote, na faili za mipangilio zitumwe kwa mwamuzi siku mbili kabla ili azisome na kuziweka mwenyewe.

Steam Guard ndiyo inayochelewesha mechi ya kwanza kuliko kitu kingine chochote. Mchezaji anaingia kwenye kompyuta ngeni, Steam inataka namba kutoka kwenye simu, na simu imebaki hotelini au laini ya nchi yake haishiki. Ifanye siku ya majaribio: kila mchezaji aingie, acheze dakika tano, atoke. Siku ya mechi, akishaingia, simu inakusanywa na kuwekwa kwenye mfuko wenye jina lake.

Kwa mazungumzo ya timu, weka seva ya Mumble au TeamSpeak ukumbini, kila timu na chumba chake chenye nywila. Ukitegemea huduma ya intaneti, laini ikikatika wachezaji kumi wanabaki kimya katikati ya raundi.

Seva na mipangilio yake

Seva ya CS2 (Counter-Strike 2) husakinishwa kwa SteamCMD, namba ya programu 730. Mipangilio ya msingi kwa mechi ya mtindo wa Major ni hii:

mp_maxrounds 24
mp_overtime_enable 1
mp_overtime_maxrounds 6
mp_freezetime 20
mp_roundtime_defuse 1.92
mp_c4timer 40
mp_startmoney 800
mp_friendlyfire 1
mp_team_timeout_max 3
mp_team_timeout_time 30
mp_backup_round_auto 1
tv_enable 1
tv_delay 90

Hiyo 1.92 ni dakika 1 na sekunde 55. Raundi ni 24, kumi na mbili kila upande, na 13 humaliza mchezo. Ikiwa 12-12, nyongeza ni raundi sita, na anayefika nne ndiye mshindi. Wakilingana tena, zinaongezwa sita nyingine.

Waandaaji wengi hutumia programu-jalizi ya MatchZy, inayokaa juu ya Metamod na CounterStrikeSharp (programu zinazoiwezesha seva kubeba programu-jalizi), ili timu ziandike .ready zenyewe, raundi ya visu (timu zinapigana kwa visu tu kuamua nani achague upande) iende yenyewe, na mwamuzi arudishe raundi kwa amri fupi. Ni nzuri, lakini ina udhaifu mmoja unaopaswa kukukosesha usingizi: sasisho la CS2 huandika upya faili ya gameinfo.gi na kuufuta mstari unaoiita Metamod. Seva inawaka kama kawaida, programu-jalizi hazipo. Wakati mwingine sasisho huvunja CounterStrikeSharp yenyewe hadi watengenezaji watoe toleo jipya. Nawe huwezi kulikataa sasisho, kwa sababu gemu ya mchezaji na seva lazima ziwe toleo moja.

Kwa hiyo kila asubuhi, saa mbili kabla ya mechi ya kwanza, fundi asasishe seva zote na kompyuta zote, arudishe mstari ule, aingie na wenzake na kucheza raundi tatu. Pia awe na faili ya mipangilio inayofanya kazi bila programu-jalizi yoyote, mwamuzi akiendesha mechi kwa mkono. Fanyeni zoezi la kurudisha raundi kwa `mp_backup_restore_load_file` angalau mara mbili kabla ya siku. Namba iliyo kwenye jina la faili ni idadi ya raundi zilizokwisha: faili ya 07 inakupeleka mwanzo wa raundi ya nane. Mwamuzi anayejifunza hilo mbele ya timu mbili zenye hasira atarudisha raundi isiyo yake.

Kuchagua ramani

Tumia ramani saba za orodha rasmi ya Valve, wenye gemu hii, kama ilivyo siku usajili unapofungwa, na usiibadilishe hata Valve wakibadilisha.

Kwa mechi ya ramani moja, timu ya kwanza inaondoa mbili, ya pili inaondoa tatu, ya kwanza inaondoa moja, na iliyobaki inachezwa, timu ya pili ikichagua upande. Kwa ramani tatu, kila timu inaondoa moja, kisha kila moja inachagua moja na mpinzani anachagua upande wa kuanzia. Halafu kila timu inaondoa moja tena, na iliyobaki ndiyo ya tatu, upande ukiamuliwa kwa raundi ya visu. Timu iliyopangwa juu ndiyo inayoamua iwe ya kwanza au ya pili. Zoezi zima lifanyike mbele ya mwamuzi dakika 30 kabla ya mechi, liandikwe, na manahodha watie saini. Maneno ya mdomo hapa huzaa ugomvi.

Kanuni ziandikwe kabla

Somo kubwa lilitoka Jönköping, DreamHack Winter 2014, robo fainali ya fnatic na LDLC kwenye ramani ya Overpass. Wachezaji wa fnatic walipandana mabegani hadi mahali ambapo waliona sehemu kubwa ya ramani, wakatoka nyuma wakashinda. Zikaja rufaa za pande zote mbili, ikaamuliwa ramani irudiwe, na mwishowe fnatic wakajitoa. LDLC wakaendelea hadi kutwaa kombe. Kanuni zako ziseme wazi: mahali gani pa kupanda panaruhusiwa, nani anaamua, ndani ya dakika ngapi rufaa ipokelewe, na adhabu ni raundi, ramani au mechi.

Kuhusu makocha, Septemba 2020 ESIC, tume ya uadilifu wa michezo ya kompyuta, iliwaadhibu makocha 37 kwa kutumia hitilafu iliyowaruhusu kuona sehemu za ramani wasizostahili. Kwenye mashindano yako kocha asiingie kwenye seva. Asimame nyuma ya timu, mikono isiguse kiti wala meza, na azungumze wakati wa mapumziko ya timu tu. Ni rahisi kusimamia, na mwamuzi mmoja anatosha kuliona.

Kamari nayo iandikwe kwa herufi nzito. Januari 2015 Valve iliwafungia wachezaji wa Marekani waliopanga matokeo ya mechi ya iBUYPOWER na NetCodeGuides ya mwaka uliotangulia, na vipaji vikubwa vikaishia hapo. Mchezaji, kocha, mwamuzi na mtangazaji wote watie saini kwamba hawaweki dau kwenye mashindano haya, wao wala kupitia mtu mwingine. Vijana wengi wa kwetu wanabeti kila wiki na hawaoni ubaya wowote, kwa hiyo usiishie kutoa karatasi. Mwelezee kila nahodha uso kwa uso.

Kusimamisha mechi kwa sababu ya kifaa kupewe kikomo: dakika 10 kwa timu kwa kila ramani ikiwa kosa ni la kifaa cha mchezaji, bila kikomo ikiwa ni la mwandaaji. Wakati wa kusimama, hakuna kuzungumza mbinu, mwamuzi asikilize. Kompyuta ikizima kabla damu ya kwanza haijamwagika katika raundi, raundi irudishwe. Baada ya hapo, raundi inahesabiwa, isipokuwa seva yenyewe ndiyo iliyoanguka.

Matangazo

Mtazamaji-rasmi mmoja anatosha raundi za mwanzo. Kuanzia nusu fainali wawe wawili, mmoja akifuata mapigano na mwingine akitafuta anayevizia. Waunganishe kwenye CSTV, njia ya gemu yenyewe ya kutazama mechi, si seva ya mechi. Hapo ule ucheleweshaji wa sekunde 90 (tv_delay) unawahusu wao na watazamaji wote, na hakuna anayeweza kumtumia mchezaji habari ya sasa.

Skrini kubwa ya ukumbi iwe nyuma ya wachezaji au juu yao, na uthibitishe kwa kukaa kwenye kila kiti. Kioo cha dirisha kinaweza kuionyesha pia. Ucheleweshaji unapunguza raha kidogo, kwa kuwa wachezaji hushangilia kabla umati haujaona kitu. Lakini usipokuwa na vibanda vya kuzuia sauti, ndio ulinzi wako: kelele za mashabiki zinahusu jambo lililokwisha kupita, na haziwezi kumwonyesha mtu adui aliko.

Timu za nje

Barua za mwaliko zitoke siku 60 kabla, zikitaja majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, mahali pa kulala na nani analipa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda husafiri kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Kwa safari nyingine andaa pasipoti, na kila mtu awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wachezaji walio chini ya miaka 18 wawe na ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, la sivyo mpakani watakwama.

Vifaa vya timu viorodheshwe kwa aina na namba ya kifaa, na orodha igongwe muhuri forodhani wakati wa kuingia, ili wakati wa kutoka mtu asidaiwe ushuru wa kipanya chake mwenyewe. Timu ifike siku mbili kabla: siku moja ya kupumzika, moja ya kujaribu kompyuta na akaunti. Ikichelewa, iwe imeandikwa tayari ni timu gani ya akiba inaingia na saa ngapi.

Baada ya fainali

Rekodi zote za mechi na faili za raundi zihifadhiwe siku 30, kwa sababu tuhuma za udanganyifu huja baada ya watu kutazama tena kwa utulivu. Kabla ya kutangaza zawadi yoyote, soma masharti ya leseni ya Valve ya kuendesha mashindano na uombe mapema kama ukubwa wako unaihitaji. Fedha za zawadi ziwe zimeingia benki kabla ya mechi ya kwanza, na mkataba utaje tarehe ya malipo, sarafu, kiwango cha kubadilishia, na kama kila mchezaji analipwa mwenyewe au fedha zinapitia timu. Kusanya namba za akaunti za benki au za simu siku ya usajili, na ulinganishe jina la akaunti na jina la kitambulisho papo hapo. Jina lisipolingana, lirekebishwe kabla mchezaji hajakaa kwenye kiti.